Mtemi, Mjuzi na Mkuu wa Shule: Kumsoma Mnyampala Tukiwa Njombe

Vitabu vya Mathias Mnyampala huwekwa katika rafu mbili zisizosemezana. Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika (1954) huachiwa wanahistoria. Diwani ya Mnyampala (1963) na Ngonjera za UKUTA, zilizotoka mwaka 1970 na 1971 baada ya kifo chake (1969), huachiwa sisi wa lugha na fasihi. Kwa miaka kadhaa nimevisoma pamoja na walimu wa sekondari wa Njombe na Makambako wanaojiandaa kuwa wakuu wa shule. Rai ninayopenda wasomaji waipime ni hii: Mnyampala mwanahistoria alimwachia msomaji nafasi ya kutokubaliana, Mnyampala wa ngonjera hakumwachia.

Marehemu alikuwa karani, kisha liwali na hakimu, kwa hiyo alizoea kusikiliza mashahidi wanaopingana. Ugogo anaousawiri si wa chimbuko moja. Koo zake zimetoka pande nyingi, Uhehe ikiwamo, na kila moja ina masimulizi yake. Mtemi wenyewe hakuwa mfalme wa dola. Mamlaka yake yalihusu mvua na ardhi kabla Waingereza hawajamfanya wakala wa utawala wao.

Sisi Wabena husema mutwa. (Neno hilo likisanifishwa kuwa “mtwa”, msomaji wa Maziwa Makuu atadhani tunawazungumzia Watwa wa misituni.) Anayekumbukwa zaidi ni Mbeyela, kwa shambulio la misheni ya Yakobi mwezi Septemba 1905, wakati wa Maji Maji. Lakini Ubena of the Rivers (1935) cha akina Culwick kinahusu Wabena wa bonde la Kilombero, si wa nyanda zetu. Nacho A History of the Excluded (2005) cha James Giblin, akishirikiana na Blandina Kaduma Giblin, kinahusu Njombe hasa, ila kwa Kiingereza. Ndiyo maana walimu wangu huanzia Ugogo.

Tukifika kwenye ngonjera, hali hubadilika. Baada ya Azimio la Arusha (1967) utanzu huu ulipewa kazi ya kueneza siasa: asiyejua anauliza, mjuzi anajibu, na hatimaye muulizaji anakiri. Utemi ulikwisha kufutwa kisheria mwaka 1963, lakini mjuzi huyu ana amri kuliko mtemi yeyote wa kitabu cha 1954. Nakubali kwamba ngonjera ziliwapa watoto wengi ujasiri wa kusimama na kunena Kiswahili mbele ya umma, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, ushairi wa majibizano ulikuwapo. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, shairi la mtu liliweza kujibiwa na mtu mwingine yeyote, na hakuna aliyelazimika kushindwa.

Jambo hili linagusa uongozi wa shule moja kwa moja. Katika shule ya msingi kiongozi huitwa mwalimu mkuu. Akiwa sekondari ni mkuu wa shule, na ualimu umedondoka katika cheo. Katika shule moja jirani na Makambako, wanafunzi walitunga ngonjera juu ya michango ya wazazi, ambamo muulizaji hakuridhika na majibu hadi mwisho. Mkuu aliagiza uongezwe ubeti wa kukiri. Ubeti uliongezwa, mizani kumi na sita kila mshororo, nayo hadhira ikapiga makofi. Mwalimu aliyenisimulia hakuona ubaya wowote, alisifu vina.

Siku hizi huwapa walimu masimulizi mawili yanayopingana kuhusu asili ya ukoo mmoja wa Kibena, wayatungie ngonjera isiyo na mshindi. Beti za mwanzo huwatoka kwa wepesi. Wengi hukwama katika ubeti wa mwisho, na wawili wamewahi kuniuliza kama unaweza kuachwa wazi.