Mhimili Uliokuwa Ukitetemeka

Mwezi Juni, siku chache kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, niliteuliwa kuingia katika kamati ya kukagua mali chakavu za chuo. Katika orodha mlikuwa na mashine ya kuchonga vyuma inayoongozwa na kompyuta, yenye umri mkubwa kuliko wanafunzi wangu wote. Mbele yake paliandikwa: "Mbovu, haitengenezeki." Taarifa ya mtaalamu mmoja aliyeitwa kutoka nje ilipendekeza tununue viendeshi vipya vya mota, au tuiuze kama chuma.

Mimi hufundisha siasa. Neno mhimili kwangu ni Bunge, Serikali na Mahakama. Nikaenda karakana kumwona fundi sanifu wetu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja kuizika?"

Aliiwasha. Meza ilipokuwa imesimama, mhimili wa Y ulinguruma na kutetemeka kama mtu mwenye homa. Alipouamuru ukimbie, mashine ilijizima na kutoa alamu kwamba meza imeachwa nyuma na amri. Nilidhani angeikimbilia kompyuta. Badala yake alizima umeme, akasubiri chaji iishe kwenye viendeshi, kisha akazungusha skrubu za meza kwa mkono. Ya X ilikuwa nyepesi. Ya Y ilikuwa nzito.

Halafu akafanya jambo ambalo, nakiri, lilinitia aibu kwa niaba ya wasomi. Viendeshi vya mihimili hiyo vilikuwa vya aina moja na vimepangwa sawa, basi akavibadilishana nafasi: cha X kikaenda Y, cha Y kikaja X. Ugonjwa ulibaki Y. Kwa hiyo kiendeshi tulichoambiwa tukinunue hakikuwa na kosa.

Kosa lilikuwa mara mbili. Mrija wa oili wa njia za Y ulikuwa umeziba, meza ikawa nzito. Nyuma ya mota, ile jenereta ndogo inayokiarifu kiendeshi kasi ya mota ilikuwa imejaa vumbi la kaboni, na brashi zake zilikuwa zimelika. Ikawa inatoa habari za uongo, na kiendeshi kinahangaika kusahihisha mwendo usiokuwapo. Aliyetangulia, alipoona meza inachelewa, alikuwa ameukaza ukuzaji wa kiendeshi hadi mwisho kwa bisibisi. Akakuza nguvu, na uongo pia akaukuza. (Wanafunzi wa utawala wanielewe.)

Mzee alizibua mrija, akasafisha vumbi, akaweka brashi mpya zilizogharimu chini ya posho ya kikao chetu kimoja. Hapo ndipo alipogusa bisibisi. Alirudisha ukuzaji chini. Akasawazisha kwa voltimita hadi amri ya volti 0 isiisogeze meza hata chembe. Kisha akapandisha ukuzaji robo zungu kwa robo zungu, sikio likiwa karibu na mota. Ilipoanza kuimba, akarudi nyuma kidogo. "Hapa," akasema.

Saa ya kupimia ilionyesha kwamba skrubu bado ina plei ya milimita 0.06 kila meza inapogeuza mwelekeo. Aliandika kiasi hicho katika kompyuta ili iwe inakifidia. Hakujigamba. "Hii si dawa, Mwalimu. Ni fimbo ya mzee. Skrubu imelika, na huko mbele itadai haki yake."

Vipimo vyote alivinakili katika daftari lenye jalada gumu. Kumbukumbu ya mashine hutegemea betri. Betri ikifa, vipimo navyo hufutika. Daftari lile si mali ya chuo. Alilinunua mwenyewe, na halimo katika orodha yoyote niliyopewa kukagua.

Kamati iliifuta mashine katika orodha ya mnada, baada ya mjumbe mmoja kuuliza mara tatu oili italipiwa kutoka kasma ipi.

Mwezi Septemba Mzee alitimiza miaka 60, akastaafu kama sheria inavyotaka. Alituachia nakala ya kurasa 14 za daftari, nami nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la mashine. Kibali cha kuajiri wa kuziba nafasi yake tuliomba tangu Machi, hakijajibiwa. Juma lililopita mwanafunzi mmoja alinipigia simu kutoka karakana kuniuliza ile alama ya robo zungu aliyoichora Mzee inasomwa kutoka juu au kutoka chini. Nilimpa namba ya simu ya Mzee.