Baiskeli na Masika: Kutoka Kibaha Mpaka Kisarawe

Ndugu msomaji, huku kwetu Pwani masika huanza mwezi wa Machi na kuendelea mpaka Mei. Miezi hiyo njia za mashambani huwa matope matupu. Basi mwenye baiskeli huitia bandani, akafunga mlango, na kungoja jua lirudi. Nami nilifanya hivyo hivyo, na hasara niliyoipata sitaisahau. Tafadhali twende pamoja mpaka Kisarawe, ambako nilionyeshwa kosa langu, ili wewe usilirudie.

Kwanza uijue nchi yenyewe. Ukishika barabara ya Morogoro kutoka Dar es Salaam, baada ya kilometa 40 hivi unafika Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Wengi huijua kwa sababu ya Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Kaskazini ya Ulaya. Ukizidi kwenda mbele unafika Mlandizi, na nchi inashuka kwenye bonde la mto Ruvu, mto ule unaowanywesha watu wa Dar es Salaam.

Siku hizi magari na pikipiki ni nyingi, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme hupita nchi hii kwenda Morogoro na Dodoma. Lakini ukiacha lami ukaingia shambani, bado utaiona baiskeli imebeba mihogo, mkaa, mananasi, madumu ya maji, na mara nyingine mgonjwa.

Mimi ninakaa upande wa Kibaha, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabara kuu. Mwaka ule mvua zilipoanza, niliiingiza baiskeli yangu bandani ikiwa na matope yake. Banda lenyewe ni la makuti, kiambaza cha udongo, na chini ni udongo mtupu. Niliiegemeza ukutani karibu na gunia la mbolea, nikaifunika kwa nailoni ili isirowe, nikafunga mlango. Niliona nimeitunza sana.

Mwezi wa Juni mnunuzi alituma habari kwamba gari lake litapita barabarani kesho yake asubuhi. Mimi na mke wangu tuking'oa mihogo mpaka giza likaingia. Kulipokucha nikafungua banda. Mnyororo ulikuwa mwekundu kwa kutu, umekakamaa kama ukuni. Gurudumu la nyuma halikuzunguka. Tairi zilikuwa zimelala bila upepo, zimepasuka ubavuni. Tulijitwika kichwani kiasi tulichoweza, lakini tulipofika barabarani gari lilikuwa limekwisha kwenda. Nawe wajua mihogo mibichi haingoji: siku mbili tatu baada ya kung'olewa huanza kuoza. Fedha ile ilikuwa ya sare za watoto. Mkubwa alirudi shuleni na shati lenye viraka, wala hakuninung'unikia, na kule kutonung'unika kwake ndiko kulikoniuma.

Wiki ile nilikwenda kumtazama mjomba wangu Kisarawe. Kutoka Kibaha unarudi kwa barabara kuu mpaka Kiluvya, kisha unaiacha lami na kuelekea kusini. Hapo nchi hubadilika. Njia inapanda na kushuka, mikorosho na miembe imesimama kila upande, na mbele yako ni vilima vya Pugu na msitu wake. Udongo wa huko hushika maji, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Nikasema moyoni, kama baiskeli yangu imekufa Kibaha, huku hakuna baiskeli inayopona.

Nilipofika, nikaiona ya mjomba imesimama barazani. Ni kuukuu kuliko yangu, rangi imekwisha kutoka, lakini magurudumu yanazunguka bila sauti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona umekuja kwa miguu?"

Nikamweleza yote, nikamaliza kwa kuilaumu mvua. Alitikisa kichwa. "Mvua haina kosa," akasema. "Yangu imenyeshewa miaka yote. Uliilaza na matope yake, ukaifungia unyevu pamoja nayo."

Kisha akanichukua bandani kwake na kunieleza. Kutu haihitaji mvua. Yatosha maji kidogo na hewa, vikikutana na chuma. Ardhi ya banda hutoa unyevu mchana na usiku. Usiku chuma kikipoa, unyevu ule hugeuka matone juu yake kama umande. Ukifunika kwa nailoni, maji hayapati pa kutokea. Chumvi na mbolea huzidisha kutu, na mkojo wa mbuzi vilevile. Matope nayo hushika maji kama kitambaa kibichi.

Dawa yake ni hii. Kabla ya kuiweka, ioshe, ipanguse, na uianike juani kwa muda tu, maana jua la kutwa huharibu mpira. Chomoa kiti na uipindue, ili maji yaliyoingia katika bomba la fremu yatoke. Mnyororo uutie mafuta ya cherehani au oili ya injini, kisha uufute yaliyozidi. Usitie mafuta ya kupikia. Hayo huganda kama gundi. Chuma kingine kipake oili kwa kitambaa, lakini usiguse tairi wala mahali breki inaposhika. Jaza upepo. Halafu itundike kwa kamba juu ya boriti, isiguse ardhi wala kiambaza. Siku ya jua, fungua mlango wa banda.

Nikamwuliza, "Je, nisiitundike juu ya meko, kama mahindi ya mbegu?"

"Hapana," akajibu. "Joto litapasua mipira, na masizi yataingia katika mafuta. Ila kila Jumamosi iteremshe, uzungushe kanyagio, uipanguse. Hapo ndipo utakapoona kutu ingali changa."

Niliuza mbuzi mmoja ili fundi abadilishe mnyororo, tairi na gololi za nyuma. Kitambaa kimoja na kichupa cha mafuta vingaliniokolea mbuzi yule. Wazee walisema kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Masika yaliyofuata niliitundika kama nilivyofundishwa, na kila Jumamosi mtoto wangu mkubwa ndiye aliyeipangusa. Juni ilipofika, tulifika barabarani na mihogo yetu kabla ya gari.

Basi, ndugu msomaji, mawingu ya masika yakianza kukusanyika, usiione baiskeli kuwa chuma tu. Ingia bandani leo, tazama imesimama wapi, na uguse chini kwa kiganja. Kiganja kikitoka na unyevu, tafuta kamba.