Mwenye Ufunguo

Katika kompyuta yangu mna barua za marehemu mama na hesabu za nyumba, nami sijui nani mwingine ana ufunguo. Tuwaamini watengenezaji, wasema wengine. Haya, ndugu msomaji, tazama Crypto AG ya Uswisi. Serikali zaidi ya 100 zilinunua mashine zake za kufichia siri. Kumbe tangu 1970 walioimiliki kwa siri ni CIA na majasusi wa Ujerumani Magharibi, na mashine nyingi zilidhoofishwa makusudi. Mambo yalianikwa magazetini mwaka 2020. Serikali zenye wataalamu wake! Mimi mwenye bisibisi moja nitang'amua nini? Kwa hiyo napendelea programu ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi. Siwezi kuyasoma, ila yupo awezaye. Chipu yenyewe, lakini, bado imefungwa.