Safari ya Mapito Matatu

Katika safu ya Mont Blanc, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, iko njia ya siku moja ambayo humfunza mtu thamani ya saa kuliko kengele yoyote ya shule. Huitwa Mapito Matatu, kwa kuwa huvuka magongo matatu ya mlima, nayo huendwa kwa skii.

Asiyezijua skii hudhani ni za kuteremkia tu. Sivyo. Apandaye hubandika chini yake ukanda wenye manyoya yaliyolalia upande mmoja: mbele huteleza, nyuma hukataa. Zamani ukanda huo ulikuwa ngozi ya sili, mnyama wa bahari. Siku hizi hufumwa kwa manyoya ya mbuzi au nailoni. Kwa hila hiyo ndogo, ambayo mimi naipenda kuliko mitambo mingi yenye makelele, binadamu hupanda juu ya theluji bila kuzama wala kurudi nyuma.

Wasafiri huanza alfajiri kwa kuvuka mto wa barafu wa Argentière. Mto huu si maji yaliyoganda. Ni theluji ya miaka mingi iliyojikandamiza ikawa barafu, nayo hutambaa polepole kufuata bonde. Ipitapo juu ya mwamba usio sawa hupasuka, na nyufa zake huweza kushuka makumi ya meta. Theluji ya msimu huzifunika nyufa hizo kama jamvi lililotandikwa juu ya kisima. Usiku jamvi hukazwa na baridi. Jua likipanda hulegea. Kwa hiyo watu hufungana kamba, tena hufanya haraka.

Pito la kwanza ni Col du Chardonnet, meta 3,323, na hapo mtu huingia Uswisi. Upande wa pili ni mteremko mkali mno, hata aghalabu watu hushushwa kwa kamba. Tena umeelekea mashariki, basi jua la kwanza huupiga huo. Siku njema ya Aprili wasafiri huwa wengi, wakapanga foleni kungoja zamu ya kamba. Kila nisomapo ramani ile, fikira zangu husimama hapo. Theluji inalainika chini ya miguu yao, saa zinakwenda, na mapito mawili yangali mbele. Kuendelea kwaweza kuwa hatari ya poromoko. Kurudi ni uchungu, kwani kilele cha kazi ya asubuhi kimekwisha kufikiwa. Kiongozi mwenye akili huweza kugeuka hapo hapo, na wateja waliomlipa fedha nyingi wakanung'unika njia nzima. Huyo sitamwita mwoga.

Wakivuka salama, hupanda tena hadi Fenêtre de Saleina, meta 3,261, jina ambalo maana yake ni dirisha. Na kweli, ukitokeza hapo huuona uwanda mweupe wa Trient umetanda mbele yako. Pito la tatu, Col du Tour, huwarudisha Ufaransa, kisha huteremka kiasi cha meta 1,800 mpaka kijiji cha Le Tour. Juu ya mteremko huo sina la kusema, ila kwamba wanaostahili kuufurahia ni wao.

Mimi si mtu wa skii. Barafu nimeiona kwetu, katika Mlima Kenya, kutoka Point Lenana. Barafu ya Lewis iliyo chini yake ilipoteza kiasi cha sehemu tisa katika kumi za ujazo wake baina ya 1934 na 2010. Ile ya Alpi ni kubwa zaidi, lakini nayo inapungua. Ramani za Uswisi huchora mistari ya barafu kwa buluu na ya mwamba kwa rangi nyeusi. Linganisha chapa ya kale na ya sasa: buluu imerudi nyuma, nyeusi imesogea mbele, na penye mwamba mtupu skii hazina kazi; sharti kamba iwe ndefu zaidi, na foleni nayo.