Herufi Moja Ghalani

Anayeonywa asinunue kitu bila kukiona huambiwa asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Msemo huu unamfikiria mnunuzi aliyesimama mnadani, ambaye hakuna kinachomzuia kufungua gunia isipokuwa haya au haraka yake. Haukumfikiria mnunuzi wa Iyula, wilayani Mbozi, ambaye mbuzi wake yuko ghalani Guangzhou, na aliyeshika kamba ya gunia ni kijana anayemfahamu kwa sauti ya simu tu.

Siku hizi gunia hufunguliwa kwa picha. Ajenti hupokea bidhaa kutoka karakana, huzipiga picha juu ya mizani na kando ya tepu, huandika alama ya mteja ubavuni mwa boksi kwa kalamu nzito, kisha husubiri neno. Ukimwandikia “sawa”, mzigo huingia kontenani, na baada ya hapo ni bahari, mwezi na zaidi, kisha barabara ya Tunduma, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Hakuna arudishaye boksi moja China. Uwezo wote wa mnunuzi umo katika zile siku mbili tatu za picha.

Akina mama wa kikoba kimoja hapa Iyula waliamua kujichapishia kanga za sare, doti 40, zenye jina walilolichagua wenyewe: “Subira yavuta heri.” Walikwisha kulipa arbuni, fedha iliyotokana na kahawa, na kwa fedha ya kahawa subira si neno la kupamba pindo. Kwa kuwa nafundisha Kiswahili, waliniomba nizikague picha kabla hawajalipa salio.

Rangi haikunitia shaka. Kamusi zetu zimeifanya kahawa kuwa mama wa neno kahawia, lakini hiyo ni rangi ya mnywaji. Mkulima wa Mbozi huijua kahawa ikiwa nyekundu mtini, kisha ikiwa nyeupe-njano juu ya kichanja inapokaushwa. Weusi wake aukuta mjini, kikombeni. Akina mama walipotaka “rangi ya kahawa”, hatukutuma neno. Tulituma picha ya tunda lililoiva. Taa za ghala huzipausha rangi, basi nilimwomba ajenti aweke karatasi nyeupe kando ya kitambaa, na wekundu ukajitokeza kama tulivyouagiza.

Maandishi ndiyo yaliyonikesha. Picha za kwanza zilionyesha kanga zilizokunjwa vizuri kama vitabu, na juu ya mkunjo ilisomeka “Subira yavu”, basi. Nikamwandikia: “Ndugu yangu, naomba ukunjue kipande kimoja, upige picha ya jina lote, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho.” Akajibu kwamba zote ni sawa. Nikaomba tena.

Nilikuwa na sababu. Kanga ni kitambaa ambacho kwa miaka mingi kimechapwa na watu wasioweza kukisoma. Maneno yake yaliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi, na yalichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani kabla ya viwanda vyetu kama Urafiki cha Dar es Salaam, nacho kilijengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1960. Mchapaji wa mbali huiona herufi kama ua: akilipunguza jani moja, ua hubaki ua.

Picha ya pili ikaja usiku. Kanga ilikuwa imetandazwa sakafuni, na jina lilikuwa wazi kabisa: “SUBIRA YAVUTA HARI.”

Niliusoma tena ujumbe tuliotuma. Humo mlikuwa na “heri”, bila utata. Huko karakana E ilikuwa imegeuka A, na A ile haikuzaa upuuzi, bali neno. Hari ni jasho, ni joto la mwili uliochoka. Hata sarufi haikulalamika: subira yavuta, kwa ile -a- ya wakati uliopo ambayo vinywa vingi vimeiachia methali na mashairi, nayo huvuta chochote kitakachowekwa mbele yake. Kosa la kutamkika ni baya kuliko la kutotamkika, maana halijitangazi. Lingefika Iyula, livaliwe, lisomwe harusini.

Kesho yake nikawasomea akina mama. Kwanza walicheka mpaka mmoja akashika ubavu. Kisha mweka hazina akauliza, “Mwalimu, tukikataa, fedha yetu itakuwa salama?” Hapo hakuna aliyecheka. Mkubwa wao kwa umri akasema zipakiwe tu: “Heri hatujaiona bado. Hari tumeitoa.” Nakiri kwamba kama mstari wa shairi, wake ulikuwa bora kuliko methali. Lakini kanga haiji na mtunzi wake wa kuisimamia. Mvaaji hawezi kumfuata kila msomaji mgongoni mwake na kumweleza kwamba hapo palikuwa na fikra, si kosa. Nikashauri wakatae.

Ajenti aliipelekea karakana picha mbili pamoja, ujumbe wetu na kanga yao, nami nikaizungushia duara ile A. Baada ya mabishano ya siku nne walikubali kuchapa upya. Sisi tungeongeza nauli ya kusafirisha vitambaa kutoka karakana hadi ghalani kwa mara ya pili. Kontena la mwezi ule likaondoka bila sisi.

Picha za mwisho zilipokuja, niliwasomea akina mama herufi kwa herufi, wao wakiitikia: he, e, re, i. Mweka hazina akalipa salio. Nikaandika “sawa”.

Yule mama mkubwa alikuwa na ombi moja, na ajenti alilitimiza: ndani ya boksi, chini kabisa, mna doti moja ya hari. Huivaa shambani msimu wa kuchuma.