Kulala nje kando ya ziwa

Wiki iliyopita nilimwambia mama yangu kwamba nataka kwenda Baraka kwa pikipiki, mimi na rafiki mmoja, bila kazi, bila kinasa sauti, na kwamba usiku tutalala nje kando ya ziwa, ndani ya hema. Mama alikuwa anachambua majani ya sombe. Mikono ikasimama juu ya sinia, akaniangalia kwa muda.

"Kwani umefukuzwa na nani?"

Ndugu wasikilizaji, ninyi mnaonijua kwa sauti tu, najua wengi wenu mtasoma maneno haya kwenye simu ya jirani, mkiwa chini ya bashi ambalo hamkulichagua. Kwa hiyo swali la mama nalileta kwenu kama lilivyo. Mimi mwenyewe nimelala chini ya bashi miaka saba. Halafu leo natafuta hema kwa furaha yangu? Nijaribu kueleza.

Barabara ninayoisema mnaijua: barabara ya taifa namba 5, kutoka Uvira kushuka kusini. Mpaka Baraka ni karibu kilometa 90. Mkono wa kushoto ni ziwa Tanganyika, mkono wa kuume ni milima ya Mitumba, na kuna mahali milima inaisukuma barabara mpaka unaona kama itaanguka majini. Unapita Makobola, Swima, Mboko, Lusenda, Nundu, Lweba. Asubuhi ng'ambo unaona milima ya Burundi ikiwa ya bluu, na unapokaribia Baraka rasi ya Ubwari inajitokeza mbele yako kama mgongo wa mnyama aliyelala majini. Ziwa lenyewe lina urefu wa karibu kilometa 670 na kina cha mita zaidi ya 1,400. Duniani kote ni Baikal tu ya Urusi inayolipita kwa kina. Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi mwaka 1858, wakakaa siku chache, wakarudi kwao kuandika vitabu. Sisi tuliozaliwa hapa tunapita bila kugeuza shingo.

Mara ya kwanza kuiona barabara hii vizuri, niliiona kutoka majini. Ilikuwa mwanzo wa 1999, nina miaka tisa, tuko ndani ya mtumbwi usiku, watu wengi kuliko mtumbwi, tunavuka kwenda Kigoma. Baba alinishika kichwa akakigeuza nitazame mbele, nisitazame nchi kavu. Tuliishi Nyarugusu mpaka 2006. Ndiko nilikopata hiki Kiswahili ambacho wenzangu wa redio wananicheka nacho, wanasema nasoma habari kama mwalimu wa Kasulu. Tulirudi kwa meli, tukashuka Baraka, tukapandishwa lori kuja Uvira, na barabara niliiona kupitia tundu la turubai. Tangu nimekuwa mwandishi nimeipita sijui mara ngapi. Kila mara ni mbio: kuna habari huko, lazima nifike, nirekodi, nirudi kabla ya saa kumi za jioni. Sijawahi hata mara moja kuzima moto na kukaa juu ya jiwe. Nimekimbia kando ya ziwa hili na nimefanya kazi kando yake. Kustarehe, bado.

Basi hiyo ndiyo sababu. Sasa mipango, maana mipango ndiyo imenifundisha zaidi.

Siku tumechagua: kuondoka tarehe 31 Julai, ili asubuhi ya tarehe 1 Agosti tuwe Lweba. Mnajua tarehe hiyo ni Siku ya Wazazi, asubuhi ni ya waliokufa, mchana ni wa walio hai. Baba alirudi nasi kutoka Tanzania, akaishi miaka mitatu tu, akazikwa Lweba kama alivyotaka. Kaburi lake kila mwaka wanalisafisha watu wengine, nami natuma pesa kidogo kwa simu. Safari hii nitabeba jembe mwenyewe. Tena ni kiangazi, mito inayoteremka kutoka milimani imenyamaza, vumbi ni jingi lakini hakuna matope. Wakati wa masika nisingethubutu. Wakaaji wa Uvira hatujasahau Aprili 2020, jinsi mto Mulongwe ulivyobeba nyumba na watu.

Rafiki yangu ni motari, anaijua pikipiki kuliko ninavyoijua sauti yangu. Alinikataza kununua kitu chochote kabla ya kunifanyia mtihani. Swali la kwanza: mupira ukipasuka kati ya Swima na Mboko utafanya nini? Nikajibu nitatafuta kwado. Akacheka. Kwado atakuwa ameenda shamba, akasema. Beba mupira wa ndani, beba pampu, beba buji, beba kebo ya klachi na uifunge pembeni ya ile iliyopo, ili ikikatika ubadilishe kichwa tu. Pikipiki yangu inakula lita moja kwa kilometa 40 hivi. Kwenda na kurudi ni lita 5 kasoro, lakini anataka tuhesabu 8, kwa sababu mafuta ya kadafi wa njiani huwezi kujua yamechanganywa na nini, afadhali ujaze Uvira. Maji ya kunywa tutabeba ya Uvira, na dawa ya kutia katika yale tutakayochota. Kipindupindu hakijui kama mtu yuko mapumzikoni.

Nilidhani kazi ngumu itakuwa mafuta. Kazi ngumu ni mahali pa kulala.

Katika filamu za nchi za wengine mtu anachagua tu ufuko mzuri, anasimamisha hema, anawasha moto. Huku kwetu kwanza fuko zenyewe zimepungua. Ziwa limepanda miaka hii, na 2024 lilipanda mpaka nyumba za kandokando zikabaki paa tu. Mahali tulipokuwa tunacheza mpira leo ni pa mitumbwi. Halafu kuna kiboko. Usiku anatoka majini kula majani, ana njia yake ileile, na hema lako likiwa juu ya njia hiyo hatazunguka. Rafiki yangu anasema ukiona majani yamelazwa pande mbili kama barabara ndogo, hama.

Lakini neno zito aliniambia chifu mmoja wa kijiji nilipompigia simu kuomba ruhusa. Aliniuliza hema ni la rangi gani. Nikashangaa. Akasema: "Mwandishi, ukisimamisha hema usilotangaza hapa jioni, saa mbili za usiku kijiji changu chote kitakuwa mlimani na watoto mgongoni. Hakuna atakayekuja kuuliza wewe ni nani." Nilinyamaza kwenye simu. Ni kweli. Watu wetu wakiona hema geni wanaanza kufunga mizigo. Akanipa masharti: tufike jua likiwa juu, tumwone kwanza yeye, tuzunguke tusalimie, na tulale ndani ya uwanja wa shule karibu na nyumba ya mlinzi, mita 50 kutoka majini. Ziwa tutaliona, alisema, halitahama.

Makobola tutasimama. Sitaki kupita pale nikiwa na kofia ya mapumziko kichwani kana kwamba sijui. Yaliyotokea pale kati ya mwisho wa Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999 yameandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, na familia nyingi hapa zinayajua bila ripoti. Sisi wenyewe tulivuka maji kwa sababu ya siku zile. Tutazima pikipiki, tutasimama, tutaendelea.

Taa za wavuvi huenda tusizione. Nchi nne zinazoligawana ziwa zimekubaliana kupumzisha uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazae. Usiku wa giza, wakati wa uvuvi, taa zile huwa kama mji umejengwa juu ya maji. Rafiki yangu anasema tutaziona tu. Hayo mimi sitayasoma katika redio.

Juzi nilikuwa kwenye eneo moja la waliokimbia makwao, kwa kazi. Baada ya kurekodi, nikazima kinasa na kuwauliza kina mama waliokuwapo: mtu akienda kulala nje siku tatu, abebe nini? Niliwaambia ukweli, kwamba ni mapumziko. Nilitegemea wakasirike. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Halafu wakaanza kunifundisha, wote kwa mara moja. Chumvi, ifunge ndani ya plastiki. Kiberiti pia. Kisu kimoja, sufuria moja ndogo yenye kifuniko, kwa sababu kifuniko ni sahani. Kikwembe kimoja kinatosha kuwa shuka, taulo na mfuko. Mzee mmoja aliyekuwa kimya akasema, "Kamba. Watu wote wanasahau kamba." Na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniambia nilipokuwa nawasha pikipiki: "Ukirudi, utuambie kama kulala nje bila kufukuzwa kunakuwaje." Nimemwahidi.

Jana jioni mama aliingia chumbani kwake akatoka na kitu kimekunjwa. Ni bashi. Lile la zamani, mita 4 kwa 5, alilolificha chini ya kitanda miaka yote hii na mimi sikujua. Lilikuwa safi. Akalifungua uani, akanionyesha upande gani uelekee upepo, jinsi ya kufunga jiwe dogo kwenye pembe ili kamba isichomoke, na jinsi ya kuchimba mfereji kuzunguka hata kama mbingu ni safi. Alifanya haraka haraka, bila kufikiri, na mikono yake haikukosea hata mara moja. Mimi na hema la kuazima nilikuwa nimejaribu saa nzima asubuhi na lilikuwa linaelemea upande.

Nikamwambia nitalitunza, nitalirudisha.

"Usilirudishe," akasema. "Jikoni kwa shangazi yako Lweba kunavuja. Ukimaliza kulala, mwachie. Na kaburini usiende na viatu vyenye mavumbi, baba yako hakupenda."

Hema nimemrudishia mwenyewe leo asubuhi. Bashi linaingia vizuri kwenye keria, chini ya jembe. Kamba nimenunua mita 20.