Naitrojeni Inakwenda Wapi: Kutoka Kilombero hadi Sale

Moto wa miwa Kilombero huwashwa upepo ukitulia. Majani makavu hushika mara moja, mngurumo unapita shambani, na muda si mrefu mistari ya miwa inabaki imesimama myeusi, tayari kwa panga. Masizi huelea hadi Kidatu na ng'ambo ya Ruaha Mkuu upande wa Ruembe, yakatua juu ya nguo zilizoanikwa. Nilimwuliza mkata miwa kwa nini wasikate bila kuchoma. Akanionyesha mikono yake kwanza: jani la muwa lina ukali wa msumeno. Kisha akataja nyoka. Mwisho akataja ujira, maana yeye hulipwa kwa kadiri ya alichokata, na muwa uliovaa majani yake humchelewesha. Niliandika sababu zote tatu, na bado naziheshimu. Yeyote anayehubiri mavuno bila moto na asiseme mkata miwa atalipwaje, hajamaliza hotuba yake.

Lakini moto una hesabu yake pia. Hekta moja ya miwa iliyokomaa vizuri huacha tani 10 hadi 20 za majani makavu na vilele. Ndani yake mna naitrojeni ya kilo 40 hadi 80 hivi. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kwa hiyo shamba linapowaka, thamani ya mifuko miwili au mitatu imo katika yale majani, na sehemu kubwa yake hupanda na moshi. Fosforasi na potasiamu hubaki kwa wingi katika majivu, ikiwa upepo hautayapeperusha. Naitrojeni haisubiri. Halafu mkulima yule yule huenda dukani kununua mbolea ya kukuzia ili maotea yake yasiwe ya njano.

Basi kuacha kuchoma si ndiyo dawa? Ni nusu ya dawa, na nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nizunguke na daftari. Kwenye kituo cha utafiti cha Mount Edgecombe, Afrika Kusini, lipo jaribio lililoanza mwaka 1939 linalolinganisha miwa iliyochomwa na miwa iliyoachiwa majani yake ardhini. Ndilo jaribio la miwa lililodumu kuliko yote duniani. Queensland, kaskazini-mashariki mwa Australia, wakulima waliingia katika mavuno bila moto kwa wingi miaka ya 1980. Jimbo la São Paulo, Brazili, lilipitisha sheria mwaka 2002 ya kuuondoa moto hatua kwa hatua, na mashine za kuvunia zikachukua nafasi ya mapanga. Yaliyojulikana huko ni mawili, na yote mawili yanamhusu mkulima mdogo wa Tanzania kuliko anavyodhani.

La kwanza ni subira. Majani ya muwa yana kaboni nyingi mno na naitrojeni kidogo. Vijidudu vya udongo vinapoyala, vinahitaji naitrojeni ya kujijenga, na vinaichukua kwenye udongo ule ule ambao muwa unautegemea. Msimu wa kwanza muwa hupata sehemu ndogo tu ya ile naitrojeni ya majani. Anayesikia kwamba matandazo yana mbolea, akapunguza mifuko mwaka huo huo, atavuna maotea dhaifu na kulaumu matandazo. Faida huja polepole, miaka ikipita na udongo ukijaa mboji. Mapema zaidi huja unyevu unaotunzwa na magugu yanayokosa jua.

La pili ni mahali pa kuweka mbolea. Yurea ikimwagwa juu ya majani makavu, kimeng'enya kilichomo kwenye majani na kwenye udongo huigeuza kuwa amonia, gesi inayopotea hewani. Inaweza kupotea robo ya mbolea, hata zaidi, hasa pakiwa na joto na unyevu mdogo wa umande usiotosha kuizamisha. Mkulima aliyeuokoa utajiri wake kutoka motoni anaupoteza kwa njia isiyo na moshi. Njia za kuzuia hilo ni rahisi kuzitaja: fukia yurea chini ya matandazo kwenye mstari wa muwa, au tumia mbolea za CAN au SA, ambazo hazipotei kwa njia hiyo kwa urahisi, au uifuatishie maji mara tu baada ya kuiweka.

Hilo la maji ndilo nililokuwa nalo kichwani nilipopanda kaskazini.

Karatu sikukaa sana. Mahindi huko huchanganywa na mbaazi, na mbaazi hujitafutia naitrojeni hewani kisha kuangusha majani yake shambani. Bahati mbaya soko lake lilivunjika mwaka 2017 India ilipozuia uagizaji, na wengi wakapunguza. Katika muongo wa 2000 mradi wa kilimo hifadhi ulihimiza wakulima wa Karatu kupanda ngwara na kuacha mabua shambani. Mabua hayakuchomwa. Yaliliwa. Baada ya mavuno mifugo huachiwa mashamba, na mwenye shamba hana uso wa kumfukuza ng'ombe wa jirani, kwa kuwa mwakani wake ndio watakaokuwa ugenini.

Kutoka Karatu nikateremka Mto wa Mbu, nikapita Engaruka. Pale chini ya ukuta wa Bonde la Ufa pana mabaki ya mifereji na mashamba ya mawe yaliyoachwa yapata karne ya 18. Mwanaakiolojia John Sutton, aliyepachunguza kwa miaka mingi, alieleza kwamba waliolima pale walimwagilia na pia walitumia samadi ya ng'ombe waliofungiwa karibu. Nilisimama juu ya ukuta mmojawapo nikajiambia kwamba watu hawa walikwisha kuijibu sehemu ya swali langu kabla kiwanda chochote hakijatengeneza yurea.

Ng'ambo ya Ol Doinyo Lengai njia inapanda hadi tambarare za Sale. Hii si nchi ya miwa ya kiwanda. Sukari ya kwenye chai ya mjini Wasso imepakiwa kwenye lori mbali sana. Ni nchi ya Wabatemi, wanaoitwa pia Wasonjo, katika vijiji kama Digodigo, Kisangiro, Sale na Samunge, kijiji ambacho nchi nzima ilikijua mwaka 2011 kwa kikombe cha dawa cha mchungaji aliyeitwa Babu. Chemchemi hutoka miguuni mwa vilima, na maji yake huongozwa kwa mifereji hadi mashamba ya mahindi, mtama, maharage na viazi vitamu. Mwenye kauli juu ya maji hayo tangu enzi ni baraza la wenamiji. Wao hupanga nani afungue lini, na asiyefuata zamu hutozwa. Ofisi nyingi za umwagiliaji zenye kompyuta zingefurahi kupata utiifu wa namna hiyo.

Mzee mmoja alinipeleka shambani kwake zamu yake ilipokaribia.

"Shikamoo, mzee. Mbolea ya kukuzia unaweka siku gani?"

"Marahaba, mwanangu. Nikiipata, naweka maji yakishapita. Udongo ukiwa laini."

Nilimwomba afikirie kinyume chake. Yurea ikikaa juu ya udongo wenye unyevu na jua la Sale, bila maji mengine mpaka zamu irudi baada ya siku kadhaa, inapotea kama ile ya juu ya majani ya miwa. Ikiwekwa kabla tu ya zamu, maji yanaizamisha hadi kwenye mizizi, ilimradi asiyaache yakafurika na kuisukuma kwa jirani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hapo mwenye kupanga zamu anakuwa anapanga na mbolea. Naam. Kilombero sijakuta kitu kama hicho. Mkulima mdogo anayetegemea mvua huko hawezi kujua wingu litafunguka lini. Hapa kalenda ipo tayari, inalindwa na watu wanaoheshimiwa, na haihitaji fedha ya mradi. Ingetosha bwana shamba akae na wenamiji mchana mmoja.

Pengo la Sale liko penye mabua. Mbuzi na ng'ombe huyamaliza, kama Karatu, na naitrojeni yake huishia zizini. Ukiingia boma alfajiri pua inakuambia yaliyobaki: ile harufu kali ni amonia, gesi ile ile inayotoka kwenye yurea iliyomwagwa juu ya majani ya miwa, kwa sababu mkojo wa ng'ombe nao una yurea. Upande wa Malambo, Wamaasai wanapohama, boma la zamani huacha duara la nyasi za kijani linaloonekana kwa miaka mingi. Mbolea ipo. Haipo shambani.

Nilimwuliza mama mmoja wa Digodigo kwa nini samadi haibebwi. Akaniuliza nimewahi kuibeba. Tukakaa tukapiga hesabu pamoja. Samadi kavu ya zizini ikiwa na kilo 12 za naitrojeni kwa tani, basi kufikia mfuko mmoja wa yurea zinahitajika karibu tani mbili. Punda mmoja hubeba kilo 60. Ni safari zaidi ya 30 kwa mfuko mmoja, na naitrojeni hiyo itatoka polepole, si yote mwaka huu. Yeye hupeleka samadi kwenye viazi vilivyo karibu na nyumba, na ya mbali huiacha. Nilipomwuliza je, mbuzi wakifungwa usiku kwenye shamba lenyewe baada ya mavuno, ili wajibebee samadi wenyewe, alisema wapo wanaofanya hivyo, lakini lazima mtu alale nao kwa sababu ya fisi, na vijana wa kulala shambani siku hizi wako Arusha.